Mkataba wa nyota anayekaribia miaka 30: mvutano uko kwenye mwaka wa mwisho

Majira ya joto ya 2022, Liverpool ilikuwa na washambuliaji watatu ambao mikataba yao ilikuwa inaisha pamoja, mwaka 2023. Sadio Mané alikuwa ametimiza miaka 30 mwezi Aprili, Mohamed Salah akaitimiza Juni, na Roberto Firmino alikuwa ameifikia tangu Oktoba 2021. Mané akauzwa Bayern Munich kwa ada iliyoripotiwa kuanzia pauni milioni 27.4, pamoja na nyongeza za kuifikisha milioni 35. Salah akasaini mkataba mpya hadi 2025, ulioripotiwa kuwa na mshahara mkubwa kuliko wote katika historia ya klabu hiyo. Firmino aliachwa amalize mkataba wake, akaondoka bure.

Matokeo yake yanafahamika. Salah alifunga mabao 19, 18 na 29 katika misimu mitatu ya ligi iliyofuata, na msimu wa 2024/25 timu ikatwaa ubingwa. Mané alifunga mabao 7 ya ligi Ujerumani, na baada ya mwaka mmoja akauzwa Al Nassr. Kwa hiyo swali la kumwongezea mchezaji wa miaka 29 au kumwacha haliwezi kujibiwa kwa kusoma cheti cha kuzaliwa.

Mashabiki na magazeti huhesabu mshahara wa wiki. Hata hivyo, mazungumzo ya aina hii hukwama zaidi kwenye swali la nani atabeba hatari ya mwaka wa mwisho, ule ambao mchezaji atakuwa na miaka 32 au 33. Klabu inataka mwaka huo uwe wa mchezaji kuuthibitisha uwanjani, na mchezaji anataka uwe wa klabu kuulipa hata iweje. Mengine yote, kuanzia ada ya kusaini hadi bonasi ya mabao, ni njia za kugawana hatari hiyo.

Kwanza umri wenyewe upimwe vizuri. Aliyeingia kikosi cha kwanza akiwa na miaka 17 na kucheza mechi 50 kila msimu ana mechi 600 miguuni anapofika 29. Aliyeanza akiwa na 22 ana 350. Hawa wawili si wa umri mmoja. Klabu makini huangalia mbio za kasi ya juu katika kila dakika 90 kwa misimu mitatu mfululizo, kwa sababu wastani wa msimu mmoja huficha mengi. Huangalia pia mchezaji anavyokuwa katika mechi ya tatu ndani ya siku nane, kwani uchovu huonekana hapo kabla haujaonekana kwenye mabao. Misuli ya nyuma ya paja iliyochanika mara mbili mahali pamoja ni onyo kubwa kuliko mfupa uliovunjika mara moja ukaunga vizuri. Mabao ya penalti yatolewe pembeni, na pasi za mabao zinazotokana na kona zitengwe na zile za mchezo wa kawaida. Mchezaji anaweza kuonekana yuko kwenye kilele kumbe nusu ya takwimu zake zinatokana na mipira iliyosimama, kazi ambayo mwingine anaweza kupewa.

Nafasi nayo ina uzito wake. Winga anayeishi kwa kumpita beki kwa kasi hushuka mapema. Kiungo anayesoma mchezo, beki wa kati na kipa huenda mbali zaidi. Luka Modrić aliongezewa mwaka mmoja mmoja na Real Madrid hadi alipoondoka 2025 akiwa na miaka 39. Kumpa winga wa mbio muda ule ule unaompa kiungo wa aina hiyo, kwa sababu tu wamezaliwa mwaka mmoja, ni kosa linalorudiwa mno.

Hofu ya klabu ina msingi, na Arsenal ni mfano ulio wazi. Mesut Özil alisaini tarehe 1 Februari 2018, akiwa na miaka 29, mkataba hadi 2021 kwa mshahara ulioripotiwa kuwa pauni 350,000 kwa wiki. Oktoba 2020 hakuwemo hata kwenye orodha ya wachezaji wa ligi, na Januari 2021 akaenda Fenerbahçe. Septemba 2020 klabu hiyo hiyo ilimpa Pierre-Emerick Aubameyang, mwenye miaka 31, mkataba wa miaka mitatu. Alikuwa ametoka kufunga mabao 22 ya ligi. Msimu uliofuata alifunga 10, na Februari 2022 mkataba ukavunjwa kwa makubaliano.

Wengi hutaja mifano hii miwili kuonyesha kwamba wachezaji wa umri huo hawafai kuongezewa. Kinachosahaulika ni kwamba wote wawili walisaini wakiwa ndani ya mwaka wa mwisho wa mkataba. Özil alibakiza kama miezi mitano tu, na nyota mwenzake Alexis Sánchez alikuwa amekwenda Manchester United siku chache kabla. Klabu iliyopoteza nyota mmoja mwezi huo haina nguvu ya kumkatalia wa pili. Bei iliyolipwa ilitokana na kuchelewa kuliko ilivyotokana na umri. Halafu ukubwa wa mshahara ukawa kufuli, kwa sababu kiwango kiliposhuka hapakuwa na klabu nyingine iliyotaka kuulipa.

Upande wa mchezaji una hoja nzito pia, na ile yenye nguvu zaidi ni gharama ya mbadala. Wakala mzuri haombi huruma kwa yaliyopita. Anauliza: mkimwacha huyu, mtamnunua nani? Mbadala wa miaka 24 kwa ada ya euro milioni 80, mkataba wa miaka mitano, anagharimu milioni 16 kwa mwaka katika vitabu vya hesabu, ambako ada hugawanywa kwa miaka ya mkataba, na mshahara wa milioni 8 juu yake. Hiyo ni milioni 24. Nyota wa sasa akitaka milioni 14 ni nafuu, na tayari anajua mfumo wa timu. Jibu la klabu ni kwamba kijana bado ana bei sokoni baada ya miaka mitatu, ilhali wa miaka 32 mara nyingi hana. Hoja zote mbili ni za kweli. Inayoshinda inategemea kama klabu inacheza kwa ajili ya mataji ya misimu miwili ijayo au inajenga upya.

Kevin De Bruyne aliifanya kazi hiyo kwa ustadi mwaka 2021. Hakutumia wakala; alitafuta wachambuzi wa takwimu wamwonyeshe mchango wake Manchester City, kisha Aprili akasaini hadi 2025 akiwa na miaka 29. Mwaka 2023 klabu ilitwaa Ligi ya Mabingwa. Agosti mwaka huo akaumia msuli wa paja, akafanyiwa upasuaji na kukaa nje hadi Januari 2024, na mwaka 2025 akaondoka bure kwenda Napoli. Je, City ilipoteza? Sidhani. Ilinunua kilele kwa kukubali kulipia mteremko, na mkataba wa namna hii haujakosewa kwa sababu tu miaka ya mwisho haikufanana na ya kwanza.

Kanuni za FIFA nazo zinaupa upande wa mchezaji nguvu. Mkataba hauzidi miaka mitano, isipokuwa sheria ya nchi iruhusu. Ukibaki miezi sita au pungufu, mchezaji anaruhusiwa kusaini makubaliano na klabu nyingine, ingawa baadhi ya ligi zina kanuni zao kwa klabu za ndani. Kipindi ambacho kuvunja mkataba bila sababu ya haki huleta adhabu ya kufungiwa ni miaka mitatu kwa aliyesaini kabla ya kutimiza 28, na miwili tu kwa aliyesaini baada ya hapo. Fidia inabaki palepale, na namna ya kuikokotoa imekuwa na mabishano tangu hukumu ya Mahakama ya Haki ya Ulaya katika kesi ya Lassana Diarra, Oktoba 2024. Lakini klabu inayodhani miaka minne kwa mchezaji wa 29 inamfunga sawasawa na wa 23 inajidanganya.

Tuingie kwenye hesabu. Tuchukue mchezaji wa miaka 29 aliyenunuliwa kwa euro milioni 60 kwa mkataba wa miaka mitano, mitatu imepita. Vitabuni zimebaki milioni 24, yaani 12 kwa kila mwaka. Anapokea milioni 10 kwa mwaka, hivyo gharama yake kwa msimu ni 22. Wakala anataka mkataba mpya wa miaka mitano kwa milioni 14, jumla 70. Klabu inatoa miaka mitatu kwa 11, jumla 33.

Wengi hukimbilia katikati: miaka minne kwa 12.5, jumla 50. Inaonekana haki, kumbe ndiyo mbaya kuliko zote, maana akiwa na miaka 32 bado analipwa kama wa 29. Panga milioni hizo hizo 50 upya: ada ya kusaini 2, kisha 15, 14, 11 na 8. Mchezaji anapata jumla ile ile, tena sehemu kubwa mapema. Milioni 24 za vitabuni sasa zinagawanywa kwa miaka minne na kuwa 6, hivyo msimu wa kwanza unagharimu 21, chini ya 22 za sasa, au 23 ukihesabu ada ya kusaini. Kwa klabu inayocheza mashindano ya UEFA hili si jambo dogo, kwa kuwa tangu msimu wa 2025/26 mishahara ya wachezaji na makocha, mgawanyo wa ada za uhamisho na malipo ya mawakala havitakiwi kuzidi asilimia 70 ya mapato. Na mwaka wa nne, mshahara wa milioni 8 ni ule ambao klabu nyingine inaweza kuulipa. Hapo mlango wa kumuuza unabaki wazi.

Zinabaki zile milioni 8 za mwisho: ziwe za uhakika au za masharti? Kwa kiungo au beki wa kati, ningeziweka za uhakika. Kwa winga wa kasi, mwaka wa nne ufunguke kwa masharti. Masharti yenyewe yaandikwe kwa uangalifu mkubwa, kwa sababu ugomvi mwingi huzaliwa hapa. Sharti la "mechi 25 za kuanza" linampa kocha, au bosi wake, sababu ya kumweka benchi mwezi Aprili. Mwanzoni mwa msimu wa 2022/23 Antoine Griezmann alikuwa akiingizwa Atlético Madrid karibu na dakika ya 60, na iliripotiwa kuwa sababu ni kipengele cha dakika katika makubaliano ya mkopo na Barcelona: akicheza dakika za kutosha, Atlético ingelazimika kumnunua. Ni afadhali kuhesabu siku alizokuwa mzima na tayari kuchaguliwa, kwa misimu miwili pamoja, na kuandika daktari gani anathibitisha.

Mwaka wa nyongeza unaoamuliwa na klabu peke yake ni silaha nyingine. Son Heung-min alisaini Tottenham mwaka 2021, akiwa na miaka 29, hadi 2025. Januari 2025 klabu ikatumia kipengele cha kuongeza mwaka, na Agosti ikamuuza LAFC ya Marekani. Bila kipengele hicho angeondoka bure. Mchezaji anayekubali kifungu hiki adai bei yake: mshahara wa mwaka huo uandikwe sasa na uwe juu zaidi, na klabu itoe taarifa kabla ya tarehe maalumu, kwa mfano 31 Desemba, ili asikae nusu msimu bila kujua hatima yake. Kifungu kisicho na nyongeza ya mshahara kimekuwa kikipingwa mbele ya vyombo vya FIFA.

Vipimo vya afya vifanyike kabla ya kusaini. Kanuni haziruhusu uhalali wa mkataba utegemee matokeo ya vipimo, hivyo goti likionyesha tatizo baada ya saini, klabu imeshafungwa. Kwa kuwa mchezaji tayari yuko klabuni, watu huona aibu kumpeleka kwenye mashine upya. Apelekwe.

Kuhusu muda, mazungumzo yaanze miezi 24 hadi 18 kabla ya mwisho wa mkataba. Ikibaki miezi 12 klabu iwe imeamua: imwongeze au imuuze. Harry Kane aliuzwa Bayern Agosti 2023 akiwa na miaka 30 na mwaka mmoja uliobaki, kwa ada ya rekodi ya klabu hiyo ya Ujerumani; mwaka mmoja baadaye Tottenham isingepata kitu. Kumwacha amalize mkataba, kama Firmino, kuna maana pale tu thamani ya msimu mmoja zaidi inapozidi ada ambayo soko lingeweza kulipa.

Na kila ofa iwe kwenye maandishi, pamoja na tarehe ya kuisha. Sergio Ramos alipoiaga Real Madrid Juni 2021 alieleza kuwa alitaka miaka miwili, klabu ikatoa mmoja wenye mshahara uliopunguzwa, na alipoukubali aliambiwa ofa imekwisha muda. Alisema hakuwahi kuambiwa kwamba ilikuwa na kikomo.