Nyama Haijaiva, Jamani!

Krismasi ikifika, Moshi yote inajaa wataalamu wa nyama choma. Mwaka mzima wako Dar na chipsi mayai zao, basi likiwashusha tu Himo kila mmoja anajua kuchoma mbuzi kuliko mwenye kihamba, shamba la ukoo. Wanajipanga kwenye viti vya plastiki kivulini mwa migomba, mbege, pombe ya ndizi, mkononi, na kazi yao ni moja: "Mangi, bado tu?"

Bado! Mbuzi mwenyewe kachinjwa leo asubuhi, maana aliyetakiwa kumleta jana alipitia kilabuni. Nyama hukakamaa saa chache baada ya kuchinja. Ukiipeleka motoni wakati huo, utatafuna mkanda wa suruali. Mbuzi achinjwe tarehe 24 jioni, aning'inizwe usiku kucha penye hewa. Huku juu Marangu baridi inatosha. Mjini chini, Desemba hii na joto lake, tafuteni friji.

Haya, moto. Hakuna ukoo usio na shemeji wa mafuta ya taa. Anamwaga, moto unalipuka, anapigiwa makofi, na nyama inanuka kibatari mpaka Mwaka Mpya. Mwingine anakokota msonobari, kuni yenye utomvu, moshi mweusi na masizi. Matawi makavu ya mbuni yamejaa shambani, hayaonekani! Kama ni mkaa, ndoo ya lita 10 kwa kilo 5 za nyama. Washa, kaa chini, subiri dakika 30 mpaka makaa yavae majivu meupe. Mwali wa moto unaunguza tu nje, ndani damu iko vilevile.

Makaa yasukumwe upande mmoja wa pipa la kuchomea, upande wa pili ubaki mtupu. Wavu uwe shibiri moja juu. Weka kiganja hapo, hesabu: ukifika tano bila kuruka, moto uko sawa. Mbavu zinataka kama dakika 45. Paja la kilo 2 linataka saa moja na nusu, na sehemu kubwa ya muda huo likae upande usio na makaa, maana mafuta yakidondokea makaa, moto unapanda. Ukipanda, sogeza nyama. Usimwage maji, baba mdogo! Majivu yote yanarukia mbavu, halafu unauliza nani kaweka mchanga.

Chumvi kijiko cha chai kwa kilo, dakika 40 kabla, ipate muda wa kuingia. Ndimu mwishoni. Mengine ya kwenye vipakiti wapelekeeni wenye chipsi.

Na mkono wa nani huu unaogeuzageuza kila dakika? Geuza kila baada ya dakika 10. Nyama iliyoshika wavu haijawa tayari kugeuzwa. Ukiivuta kwa nguvu, ngozi inabaki kwenye nondo. Tena tumia koleo. Uma unatoboa, mchuzi unamwagikia makaa.

Kuiva kunapimwa kwenye mfupa: choma kisu, maji yakitoka mekundu, rudi kitini. Yakitoka meupe, epua, funika, acha dakika 10 ndipo ukate. Hizo dakika 10 ndizo zinazovunja undugu. Maini na figo zilishaliwa na waonjaji, sasa wanaikodolea macho shingo.

Wewe unayeuliza kachumbari iko wapi: vitunguu vile pale, na kisu unacho mkononi.