Kijapani na Kikechua: Anachokiona Mswahili Aliyeko Japani

Huku Japani mgeni haishi kuambiwa kwamba Kijapani ni lugha ya pekee, haina mfano wake duniani. Kule nyumbani tunaambiwa kwamba Kiswahili hakitoshi kufundishia fizikia ya sekondari. Naona kauli hizi mbili zina kosa moja: zinadhani hatima ya lugha imo ndani ya sarufi yake. Anayetaka kuliona kosa hilo waziwazi akiweke Kijapani kando ya Kikechua, lugha ya milima ya Andes. Zimeundwa kwa namna inayokaribiana mno, na maisha yake hayafanani hata kidogo.

Tuanze na sentensi fupi, "Maria anakula mkate". Mjapani husema *Maria wa pan o taberu*. Mkechua wa Ayacucho, Peru, husema *Mariyaqa tantatam mikun*. Kitenzi kiko mwisho kote kuwili. Anayezungumziwa anatangulia na kupewa alama, *wa* kwa Kijapani na *-qa* kwa Kikechua. Kinacholiwa nacho kina alama yake, *o* na *-ta*. Alama zote hufuata neno, hazilitangulii. Hata vishazi vya urejeshi vimepangwa vilevile: "mkate nilionunua jana" ni *kinō katta pan* na *qayna punchaw rantisqay tanta*, yaani jana, kununua, kisha mkate. Hapa ndipo Mswahili anapochoka, kwa sababu sisi huanza na mkate kisha tukaueleza. Ukisoma barua ya manispaa ya Japani, itakubidi ushike maelezo ya mistari mitatu mkononi kabla hujaambiwa ni ya kitu gani. Dawa yake ni kusoma kutoka mwisho: tafuta kitenzi cha mwisho, rudi kwenye nomino iliyo karibu nacho, ndipo upande juu.

Wako wanaoona mfanano huu wakakimbilia kusema Wainka, watawala wa kale wa Andes, walitoka Japani. Haifuati. Kikorea, Kituruki na Kiaimara pia huweka kitenzi mwisho na kubandika viambishi nyuma. Undugu wa lugha huthibitishwa kwa sauti zinazobadilika kwa utaratibu uleule katika mamia ya maneno ya msingi, na kati ya Kijapani na Kikechua utaratibu huo haujapatikana. Maneno mawili matatu yanayolingana si ushahidi. Kikechua kina *mama* kwa maana ileile tunayoijua sisi, na hakuna anayetuita Wainka. Uhusiano wa kweli kati ya Japani na Peru ni wa watu: mwaka 1899 meli Sakura Maru ilifikisha vibarua Wajapani 790 bandari ya Callao, na sanamu ya Manco Cápac, anayesimuliwa kuwa mfalme wa kwanza wa Wainka, iliyoko Lima, iliyozinduliwa mwaka 1926, ilikuwa zawadi ya jumuiya ya Wajapani wa huko.

Mahali pa kukaa kitako ni kwenye kitenzi, maana hapo Mswahili ana mtaji ambao mwanafunzi Mzungu hana. Sisi tayari tunajua kwamba neno moja linaweza kuwa sentensi nzima. Chukua "walinilisha": *wa-li-ni-l-ish-a*. Mkechua wa Ayacucho husema *mikuchiwarqaku*. Ukate: *miku* ni kula, *-chi* ni -ish- yetu, *-wa* ni -ni-, *-rqa* ni -li-, na *-ku* ni wa-. Viungo ni vilevile, ila sisi tumeviweka vingi mbele ya mzizi na wao wameviweka vyote nyuma. Kauli ya kutendana nayo ipo: "wanapendana" ni *kuyanakunku*, ambamo *-naku-* inafanya kazi ya -an-. Kinachokosekana ni kauli ya kutendwa kama yetu. Kwa hiyo usihangaike kutafuta "nililishwa" ya Kikechua. Sema "walinilisha" na inatosha.

Kijapani nacho kina mnyororo: *taberu* kula, *tabesaseru* kulisha au kufanya mtu ale, *tabesaserareru* kulishwa kwa kulazimishwa, *tabesaserarenakatta* kutokulishwa hivyo wakati uliopita. Mpaka hapo tuko nyumbani. Lakini angalia ni nani aliyetajwa. Hakuna. Kitenzi cha Kijapani hakina ni-, u-, a- wala wa-. Mswahili akikosa viambishi hivyo huziba pengo kwa *watashi* na *anata* kila sentensi, na matokeo yake anasikika kama anayejisifu, kisha anayemnyooshea mtu kidole. *Anata* ni neno la kuogopwa hasa: ukimwambia hivyo bosi au mzee, umemvunjia heshima. Tumia jina lake na *-san*, au cheo, au nyamaza kabisa.

Kazi ya -ni- na -ku- hufanywa na vitenzi vya kupeana. *Kureru* huonyesha tendo linakuja upande wangu, *ageru* linatoka kwangu kwenda kwa mwingine, *morau* ni mimi ninayepokea. "Walinilisha" kwa wema ni *tabesasete kureta*. Ukisema *tabesaserareta* umelalamika kwamba ulilazimishwa kula. Makosa mengi ya wenzetu yako hapa, na huonekana kama utovu wa shukrani kumbe ni sarufi tu. Anayeanza Kijapani ajifunze vitenzi hivi vitatu mapema, kabla hajazama kwenye lugha ya heshima, kwa kuwa hiyo nayo imesimama juu yake: *kudasaru* ni *kureru* iliyopandishwa, *itadaku* ni *morau* iliyonyenyekezwa.

Kikechua kwa upande wake kinadai kitu ambacho sisi hatudaiwi, nacho ni kueleza umejuaje. *Parachkanmi*, mvua inanyesha, naiona au nina hakika nayo. *Parachkansi*, nimeambiwa inanyesha. *Parachkanchá*, nadhani inanyesha. Kiambishi *-si* si "eti" yetu, kwa kuwa "eti" huingiza shaka, na *-si* haimtuhumu aliyekuambia. Tena wakati uliopita umegawanyika: *-rqa-* kwa uliyoyashuhudia, *-sqa-* kwa yaliyopita bila wewe kuyaona, na hata yale uliyofanya usingizini au ukiwa mchanga. Kijapani kinakaribia hapo bila kulazimisha sana: *futte iru sō da* ni habari ya kuambiwa, *furisō da* ni dalili unayoiona mwenyewe mawinguni. Tofauti ni umbo la kitenzi kabla ya *sō*, na ukikosea umegeuza uvumi kuwa ushahidi. Kikechua pia hutenga "sisi" mbili. *Wasinchik* ni nyumba yetu, nawe umo. *Wasiyku* ni yetu, wewe humo. Kwa kweli natamani Kiswahili kingekuwa na hiyo.

Upande wa matamshi, Kikechua kinatufaa kuliko Kijapani. Mkazo wake huwa kwenye silabi ya pili kutoka mwisho, kama wetu, na irabu zake za msingi ni tatu: a, i, u. Ugumu upo Cusco, jimbo jingine la Peru, ambako *tanta* ni mkusanyiko, *thanta*, yenye t ya kupulizia pumzi, ni kuukuu, na *t'anta*, inayotamkwa kwa kupasua koo, ni mkate. Mtu wa Mombasa anayetofautisha paa la nyumba na p'aa wa porini, ambaye p yake hutoka na pumzi, tayari anayo *th* hiyo. Atahangaika na ya tatu tu. Kijapani kina irabu zetu tano, na ndiyo inayotudanganya. Urefu unabadilisha maana: *obasan* ni shangazi, *obāsan* ni bibi. Sisi huvuta silabi ya pili kutoka mwisho kwa mazoea, tukarefusha pasipo na urefu na kufupisha penye urefu. Fanya zoezi la kupiga kidole mezani, pigo moja kwa kila irabu na moja kwa *n* ya mwisho: o-ba-sa-n manne, o-ba-a-sa-n matano.

Maandishi sitayakalia. Kijapani kinataka herufi za silabi za aina mbili, hiragana 46 na katakana 46, pamoja na kanji, yaani herufi za maana zenye asili ya China, 2,136 za matumizi ya kawaida, ambazo 1,026 hufundishwa shule ya msingi. Kikechua kinaandikwa kwa herufi za Kilatini, ila Peru iliporasimisha irabu tatu mwaka 1985, akademia ya Cusco ilibaki na tano. Ndiyo maana utakuta *qucha* na *qocha*, na yote mawili ni ziwa. Chagua lahaja moja, Ayacucho au Cusco, na ununue vitabu vya lahaja hiyo tu, la sivyo utadhani unasoma lugha mbili.

Basi kama sarufi zinakaribiana hivi, mbona moja inaendesha kila ofisi ya nchi tajiri na nyingine, yenye wasemaji zaidi ya milioni tatu nchini Peru peke yake, mara nyingi huachwa mlangoni mwa zahanati? Si kwa sababu Kijapani kilizaliwa na istilahi. Mwanzoni mwa miaka ya 1870 Mori Arinori, ambaye baadaye alikuwa waziri wa elimu, alitaka Wajapani wachukue Kiingereza kwa kuwa aliona lugha yao haitoshi. Hoja yake ndiyo tunayoisikia nyumbani leo. Vyuo vya wakati huo vilifundishwa na Wazungu wa kuajiriwa kwa lugha zao. Wengine wakakaa chini wakaunda maneno: *tetsugaku*, falsafa, lilitungwa na Nishi Amane na kuchapishwa mwaka 1874. Ndani ya kizazi kimoja masomo yakahamia Kijapani. Serikali hiyohiyo haikuwa na huruma kwa lugha nyingine za visiwa vyake, maana huko Okinawa mtoto aliyesema lugha ya kwao shuleni alivishwa kibao shingoni, adhabu ambayo Waafrika wengi wanaijua vizuri.

Kikechua kilipigwa marufuku na watawala Wahispania baada ya uasi wa Túpac Amaru wa Pili, 1780 na 1781. Kilifanywa lugha rasmi ya Peru mwaka 1975, na katiba ya 1993 ikakibana kiwe rasmi pale tu kinapotawala. Chuo Kikuu cha San Marcos, kilichoko Lima, kilianzishwa mwaka 1551. Tasnifu ya kwanza ya udaktari iliyoandikwa na kutetewa humo kwa Kikechua, ya Roxana Quispe Collantes, ni ya mwaka 2019.

Sisi tuko katikati ya hao wawili, na tulianza na mtaji mkubwa kuliko wa Mori: Kiswahili sanifu tangu miaka ya 1930, BAKITA tangu 1967, elimu ya msingi kwa Kiswahili katika shule nyingi za serikali Tanzania Bara. Istilahi tunazo. Mtoto wa shule ya msingi ya serikali anaeleza usanisinuru kwa lugha yake, anataja klorofili, mwanga na kabonidayoksaidi, na anajibu mtihani. Akiingia kidato cha kwanza anafundishwa mmea uleule kwa Kiingereza, na anakaa kimya darasani kwa jambo ambalo mwaka jana alilijua.