Kanzu ya Babu Ipimwe Kabla Haijawa Tambara

Watu wakisikia nashona nguo za karne ya 18 huku Uingereza hudhani nimeajiriwa na watu wa maigizo. Hapana. Nashona kwa mapenzi tu, jioni na siku za mapumziko, pamoja na wenzangu wa kila umri. Na katika maisha yangu yote ya ugenini hakuna kilichonirudisha pwani kifikra kama kazi hii. Msimamo wangu nauweka wazi mapema: wenzetu huku wamehifadhi nguo, sisi tumehifadhi mafundi. Wao wana makabati yaliyojaa magauni ya miaka 200 na 300, lakini hawana tena mtu aliyerithi kwa babu yake namna ya kuyakata. Sisi bado tunao waliorithi, ila nguo zenyewe tumeziachia nondo, na mafundi hao wanazeeka bila kuulizwa kitu.

Kwanza niseme mtu anajifunzaje huku. Alikuwapo mwanamke mmoja, Janet Arnold, aliyefariki mwaka 1998. Huyu alizunguka makumbusho akiyageuza magauni ya kale upande wa ndani, akipima kila mshono, kisha akachora kila kipande kwenye karatasi ya miraba kwa kipimo cha sehemu ya nane ya inchi kwa kila inchi ya nguo. Michoro yake ilianza kuchapishwa miaka ya 1960, na mpaka leo wengi wanaojifunza kushona nguo za kale huanzia kwake. Hakuishia kwenye umbo. Ameonyesha bitana ni ya kitambaa gani, kiraka kimewekwa wapi na kwa nini, na wapi gauni lilifumuliwa likashonwa upya limfae mtu mwingine. Mtu anauchukua mchoro ule, anaukuza, anakata, na nguo ya mwanamke aliyezikwa kabla ya kuja reli inasimama tena.

Nguo zenyewe nazo zinaonekana kwa urahisi. Mwaka 2025 makumbusho ya Victoria and Albert yalifungua ghala lake jipya mashariki mwa London, V&A East Storehouse, na mtu yeyote anaweza kuagiza mpaka vitu 5 aletewe avitazame kwa karibu, bila malipo. Haulizwi cheti wala anafundisha wapi. Mimi mtoto wa Unguja, nisiye na shahada yoyote ya mambo haya, naweza kukaa mbele ya koti la mwaka 1760 na kalamu ya risasi mkononi. Hili nawapongeza kwa moyo wote, na nalitamani liwepo kwetu.

Sasa nije kwenye jambo lililonigusa hasa. Darasani kwetu hatukuanza na magauni ya mabibi wakubwa. Tulianza na shati la kitani la mwanamume, lote kwa mkono: sindano, uzi uliopakwa nta ya nyuki, na subana kidoleni. Kitani hakichorwi kwa chaki kabla ya kukatwa. Unashika uzi mmoja wa mfumo, unauvuta taratibu mpaka utoke, unabaki mstari mwembamba kama ufa, na mkasi unaufuata ule mstari. Kipande kinatoka kimenyooka kuliko kwa rula. Shati zima ni vipande vya mstatili na miraba, hakuna mkato wa duara hata mmoja. Mikono ni mistatili iliyokunjwa ikashikizwa kwa marinda madogo. Na chini ya kwapa kinaingizwa kipande cha mraba kilichogeuzwa pembe juu, ili mkono ukiinuliwa shati lisikaze wala lisichanike.

Mwalimu alikiinua kile kipande akaeleza kazi yake, na mimi nilikuwa nakijua tangu utotoni. Ni kikwapa. Fundi wa kanzu barazani kwake anakikata huku anazungumza habari za mpira. Kanzu ya kizamani ina badani mbele na nyuma, taharizi mbavuni zinazoipa upana kuelekea chini, kikwapa panapokutana mkono na ubavu, na kaba shingoni kwa ndani. Shati lile la Uingereza na kanzu ile vilitungwa na watu wasiojuana, lakini shida yao ilikuwa moja. Kitambaa kilifumwa kwa mkono, kilikuwa cha upana mdogo na cha bei kubwa kuliko siku za kazi za mshonaji, kwa hiyo nguo ilikatwa pasibaki kipande cha kutupa. Mshono nao ulipigwa ukaviringishwa ukafunikwa ndani, usifumuke kwa kufuliwa.

Nilipomweleza hayo kwa simu mama yangu mkubwa, ambaye alishona maisha yake yote, aliniuliza swali moja tu: "Sasa mwanangu, duka unafungua lini?"

Swali lake lina hoja nzima ndani yake. Huku kushona kwa mkono kumekuwa burudani kwa sababu kazi ya mkono ni ghali mno, basi asiyeweza kulipa anajifunza mwenyewe, na akishajifunza anakuwa na muda wa kuuliza maswali ambayo fundi wa riziki hana nafasi nayo. Kwetu kushona ni riziki. Fundi analipwa kwa nguo, si kwa saa, Idi inakaribia, wateja wamejaa barazani, na ukimwambia akae akuonyeshe namna babu yake alivyopiga bandi unamtoa kwenye chakula cha watoto wake. Simlaumu hata kidogo. Lakini ndiyo sababu ujuzi wake haujaandikwa popote. Aliupata kwa kukaa ubavuni mwa mkubwa wake, akianza na kushona mapindo na vifungo, mpaka siku aliporuhusiwa kushika mkasi. Anakata kwa jicho. Akiulizwa kipimo anacheka, anapima kwa shibiri. Akifa, vipimo vyote vinaondoka naye.

Chukueni nakshi ya tarabuzi, ile inayozunguka shingo ya kanzu na kushuka kifuani. Cherehani zinaiga umbo lake vizuri siku hizi, na kwa mbali huwezi kutofautisha. Ukiishika ndiyo unajua. Ya mkono ni laini ikikunjwa, inafuata shingo, na kwa ndani imekaa karibu safi kama kwa nje. Ya mashine ina mgongo mgumu unaokwaruza ngozi. Kofia za viua ni hivyo hivyo: kila tundu linazungushiwa uzi kwa sindano mpaka kofia isimame yenyewe. Kazi ya namna hiyo huku ingewekwa nyuma ya kioo. Kwetu bado inavaliwa msikitini Ijumaa, na hapo ndipo ninapowaonea fahari watu wetu. Shati nililojifunza kushona huku halina tena pa kuvaliwa ila kwenye maonyesho na mikusanyiko ya wapenzi wa historia. Kanzu haijawahi kuacha kuwa nguo.

Kuna jambo jingine ambalo ugeni umenifundisha, nalo ni zito zaidi. Mtu mweusi akivaa gauni la karne ya 18 katika mikusanyiko hiyo haikosi mmoja atakayeuliza, kwa upole kabisa, kama watu kama mimi walikuwapo. Walikuwapo. Ignatius Sancho alichorwa na Thomas Gainsborough mjini Bath mwaka 1768, na kizibao chake chekundu chenye utepe wa dhahabu kinaonekana wazi. Baadaye alikuwa mfanyabiashara wa duka London, na alipiga kura katika uchaguzi wa bunge wa mwaka 1774. Jibu ninalo, na huwa nalitoa. Ila swali lile lilinifanya nijiulize kuhusu kwetu: tunapozikumbuka nguo za zamani, tunazikumbuka za nani?

Tazameni maigizo na maonyesho yetu ya historia. Sultani anavaa joho la kitambaa king'aacho chenye zipu mgongoni, na mtumwa anavaa gunia lililochanwa. Yote mawili si kweli, na la pili linaniuma zaidi. Watumwa wengi wa Unguja walivaa kaniki, kitambaa kilichotiwa nili kikawa cheusi, au marekani, pamba isiyotiwa rangi iliyoletwa na meli kutoka viwanda vya Massachusetts kupitia bandari ya Salem. Biashara hiyo ndiyo iliyoleta mkataba wa mwaka 1833 kati ya Sayyid Said na Marekani, na balozi wao mdogo kufika Unguja mwaka 1837. Pamba iliyolimwa na watumwa wa ng'ambo ile ilivalishwa watumwa wa ng'ambo hii. Ukiwa na kipande cha pamba isiyopaushwa mapajani, unakishona, huwezi kulisahau hilo.

Kisha ukaja mwaka 1897, utumwa ukapigwa marufuku Unguja kisheria, na watu wakaivua kaniki. Wanawake wakachukua kanga, iliyokuwa bado changa, iliyotokana na leso za mraba zilizoshonwa pamoja. Wanaume wakavaa kanzu na kofia ambazo jana yake zilikuwa za waungwana. Nguo ilitangaza uhuru wa mtu barabarani kabla hajafungua kinywa. Kwangu mimi hiyo ndiyo hadithi kubwa kuliko zote za mavazi ya pwani, na anayetaka kushona nguo za kihistoria kwetu aanze hapo, si kwenye joho. Aishone kaniki ya mwanamke wa shamba kwa uangalifu ule ule ambao huku wanaupa koti la hariri, kisha aishone leso ya mapande sita, azitandike pamoja.

Tatizo ni ushahidi. Nguo za maskini huvaliwa mpaka ziishe, na joto na unyevu wa pwani havina huruma na pamba. Sehemu ya Beit al-Ajaib, jumba la makumbusho la Unguja, ilianguka Desemba 2020, na kila aliyelipenda jumba lile alijua siku hiyo jinsi vitu vyetu vilivyo hatarini. Lakini si kweli kwamba hatuna pa kuanzia. Ibn Battuta alipofika Mogadishu mwaka 1331 alipewa mavazi, akayataja moja moja: kitambaa cha hariri cha kufunga kiunoni, vazi la kitani cha Misri lenye nakshi, joho lenye bitana na kilemba. Bibi Salme, binti wa Sayyid Said, aliyeondoka Unguja mwaka 1866 akaishi Ujerumani kwa jina la Emily Ruete, ameyaeleza mavazi ya wanawake wa kasri katika kumbukumbu alizochapisha mwaka 1886, na akapigwa picha Hamburg akiwa ndani ya nguo za kwao. Namfikiria sana huyu bibi. Naye alikuwa mgeni kwenye baridi, akiangalia nguo za nyumbani kutoka mbali.

Zaidi ya hayo yapo masanduku. Karibu kila ukoo una sanduku lenye kanzu ya babu, kisutu cha harusi ya bibi, kizibao ambacho hakuna anayekumbuka kilivaliwa lini. Nikija likizo nakuta yanagawanywa baada ya msiba, au yanakatwa matambara ya kufutia vumbi. Huhitaji makumbusho kuzuia hilo. Nunua karatasi ya miraba, kalamu ya risasi na futi kamba ya fundi. Laza nguo juu ya shuka jeupe, igeuze ndani nje, upime kila kipande peke yake: badani, taharizi, kikwapa, mkono, kaba. Hesabu mishono inayoingia katika inchi moja. Andika wapi ni mkono na wapi ni cherehani, maana nguo nyingi zina vyote viwili. Piga picha ya mapindo kwa ndani, ambako rangi ya zamani haijapauka. Kisha mpelekee fundi mzee wa mtaani, mlipe saa zake kama anavyolipwa mwalimu yeyote, umwache aishike na azungumze huku wewe unaandika. Na usiifue kabla ya kuipima: jasho, kutu ya pini na mabaki ya uzi wa kwanza vyote ni ushahidi, na sabuni ikishaviondoa havirudi.