Giza Linatosha?

Anayetaka kujua hali ya angahewa ya Tritoni, mwezi mkubwa kuliko yote inayoizunguka sayari ya Neptuni, hana njia nyingi. Chombo pekee kilichowahi kupita karibu nao ni Voyager 2, mwezi wa Agosti 1989. Sisi tulio huku chini, umbali wa zaidi ya kilomita bilioni nne, hungoja Tritoni ipite mbele ya nyota fulani, kisha tunapima jinsi mwanga wa nyota hiyo unavyofifia. Kama mwezi huo ungekuwa jiwe tupu, nyota ingezimika ghafla; lakini kwa kuwa una hewa ya nitrojeni, nyembamba kiasi kwamba kanieneo yake ni kama sehemu moja tu ya 70,000 ya ile ya kwetu, nyota hufifia taratibu na kurejea taratibu.

Nafasi ya namna hiyo ilipatikana usiku wa tarehe 5 kuamkia 6 Oktoba 2017. Kivuli cha Tritoni kilipita juu ya Ulaya na kuvuka Atlantiki kuelekea mashariki mwa Marekani, kwa mwendo wa takriban kilomita 17 kwa sekunde, hivyo hata aliyekaa mahali pazuri kabisa hakuwa na dakika tatu kamili za kufanya kazi. Wahusika wa setilaiti ya Gaia walikuwa wametoa mapema vipimo vya mahali ilipo nyota yenyewe, na kwa sababu hiyo njia ya kivuli ilijulikana vizuri. Anayesimama katikati ya njia hiyo hupata tunu wasiyoipata walio pembeni: hewa ya Tritoni huupinda mwanga wa nyota kutoka pande zote na kuukusanya pale pale, basi katikati ya giza mwanga huchomoza kidogo, kisha hupotea tena. Wataalamu huuita mwako wa katikati, na umbo lake hueleza mambo ya tabaka za chini za hewa ile.

Ni mwako huo uliotupeleka, mimi mwanafunzi niliyetoka Morogoro pamoja na wenzangu wa chama cha wapenda nyota, kwenye shamba la mizabibu kusini mwa Ufaransa. Kiongozi wetu alikuwa mwalimu mstaafu wa fizikia, mtu mpole mchana na dikteta likiingia jua. Jioni ile alimwendea mzee mwenye shamba na kumwomba, kwa heshima zote, azime taa za nje. Mzee aliipokea kazi hiyo kama mtu aliyekabidhiwa ulinzi wa taifa: alizima taa ya uani, ya barazani na ya banda la trekta, halafu akachomoa waya wa friji iliyokuwa nje kwa sababu ilikuwa na kitaa kidogo cha kijani. Hakuna aliyekuwa na moyo wa kumwambia kwamba usiku huo mwezi wetu wenyewe ulikuwa mpevu, uking'aa juu ya mizabibu kiasi cha mtu kusoma gazeti, na wala haukuwa na swichi.

Kabla ya saa nane usiku kamera ilianza kurekodi, saa ikiwa imelinganishwa na setilaiti. Kwenye kompyuta mpakato Neptuni ilionekana kama tone la maziwa, na kando yake kulikuwa na nukta moja, ambayo ilikuwa Tritoni na ile nyota, zikiwa zimekwisha kuungana. Mchoro wa mwanga ukaanza kushuka, tena kwa mteremko mzuri, si kwa kukatika. Mwalimu aliacha kupumua. Sote tuliacha kupumua. Mchoro ulitulia chini, ukakaa pale, na kisha, pale pale tulipokuwa tukiutarajia mwako, ukaruka juu hadi ukatoka nje ya kioo.

Mwalimu alipiga kelele ambayo sijapata kuisikia tena kwa mtu wa umri wake. Mwenzetu mmoja alikumbatia mguu wa darubini, jambo ambalo hata mtoto hafanyi. Mimi nilikuwa nimeketi upande wa skrini, nikaona kwamba nyota ya kulinganishia, iliyokuwa mbali kabisa na Tritoni, nayo imewaka. Neptuni imewaka. Pembe ya picha isiyokuwa na kitu chochote imewaka. Nilipotazama chini nikaona viatu vyangu navyo vimewaka, na hapo nikaridhika kwamba hakuna nitrojeni yenye uwezo huo.

“Samahani,” ilisema sauti nyuma yetu. “Nimekuja kuuliza tu. Giza linatosha?”

Alikuwa mwenye shamba, na mkononi alishika tochi ya kuwindia nguruwe pori.

“Zima, mzee! Zima!” alilia mwalimu.

“Unasemaje?” aliuliza mzee, ambaye sikio lake moja lilikuwa zito, akainua tochi ili aone vizuri midomo ya anayesema. Midomo hiyo ilikuwa mbele ya mdomo wa darubini.

Tochi ilipozimika, nyota ilianza kurejea taratibu, kwa adabu zote, kama vile hakuna lililotokea.

Tuligawanya mwanga wa nukta yetu kwa ule wa nyota ya kulinganishia, tukaokoa kuingia na kutoka kwa nyota, lakini picha za katikati zilikuwa nyeupe tupu na zikatupwa. Kwa bahati, takriban vituo 90 vilipata vipimo usiku ule, na hesabu za wataalamu zikaonyesha kwamba kanieneo ya Tritoni inalingana na ile iliyopimwa na Voyager 2 mwaka 1989. Sayansi haikukwama kwa ajili yetu.

Ilibaki fomu ya ripoti, yenye nafasi ya kueleza sababu ya kupotea kwa data. Mwalimu alitaka tuandike “chanzo cha nje cha mwanga kisichotarajiwa.” Mzee, aliyetuletea kahawa na kusoma juu ya mabega yetu, hakukubaliana naye, alisema kwamba ikiwa ameingia katika mambo ya Neptuni, basi jina lake liandikwe kamili, pamoja na la marehemu baba yake aliyepanda mizabibu ile. Mabishano yalichukua muda mrefu kuliko tukio lenyewe, mpaka tulipogundua kwamba nafasi ile inapokea herufi chache mno, nasi tukaandika “tochi.”