Jirani wa Kilomita Tisa, Safari ya Kilomita Thelathini

Ramani nyingi za usafiri wa umma zinafanana na gurudumu la baiskeli lililovuliwa tairi. Spoki zote zinaingia katikati ya jiji, na huko pembeni hakuna kinachoziunganisha. Ukipendekeza njia ya moja kwa moja kati ya miji midogo ya pembezoni, unajibiwa kwamba abiria wa safari hiyo ni wachache.

Ni wachache, ndiyo, lakini wamehesabiwa vipi? Pale ambapo tiketi hukatwa upya katika kila basi, muuguzi anayeingia mjini alfajiri na kupanda basi la pili kurudi pembezoni huandikwa kama abiria wawili wa katikati ya jiji. Mwenzake aliyechoka akanunua gari haonekani kabisa, wala yule aliyeikataa kazi kwa sababu ya safari.

Wapinzani wana hoja nzito zaidi ya hiyo. Miji 10 ya pembezoni ina jozi 45, yaani njia 45 za kuunganisha kila mji na kila mwingine. Ukiwa na mabasi 90 na kila safari ya kwenda na kurudi ikichukua dakika 90, njia 10 za kwenda katikati zinapata mabasi 9 kila moja, yaani basi kila baada ya dakika 10. Yagawe kwenye njia 45, kila njia inabaki na mabasi mawili na abiria anasubiri hadi dakika 45. Hesabu hiyo haina dosari. Tatizo ni kwamba inapinga kitu ambacho hakihitajiki: njia moja ya mzunguko inatosha kuwaunganisha majirani wote.

Chukua miji hiyo 10, ipange kwa nafasi sawa kwenye duara, kilomita 15 kutoka katikati. Kwenda kwa jirani kwa kufuata duara ni kilomita 9 na ushee. Kupitia katikati ni 30. Jirani wa pili ni kama kilomita 19. Wa tatu ni 28, bado chini ya 30. Kwa hiyo kati ya miji 9 ambayo mkazi wa pembezoni angeweza kwenda, 6 iko karibu zaidi kwa njia ya mzunguko. Sita kati ya tisa! Na bado tunaendelea kuwapitisha wote kwenye stendi moja yenye msongamano.

Kuna waliolielewa hili. Paris ilianza na tramu (treni nyepesi ya barabarani) ya T1 kati ya Saint-Denis na Bobigny mwaka 1992, na sasa inajenga mtandao wa Grand Paris Express, kilomita 200 hivi, sehemu kubwa ikilizunguka jiji. London ilikamilisha mzunguko wa reli wa Overground mwaka 2012, kisha kuanzia 2023 ikaleta Superloop, mabasi ya vituo vichache yanayounganisha vitongoji vya nje. Mabasi hayo yanapita kwenye barabara zilizokuwepo tayari, hayakusubiri handaki.

Lakini wafuasi wa mzunguko, nikiwemo mimi, tusijidanganye kuhusu huyo jirani wa tatu. Kwa mwendo wa kilomita 20 kwa saa, tofauti ya 28 na 30 ni dakika tano au sita tu. Basi la mzunguko likija kila nusu saa, kusubiri kunaweza kuimeza faida yote. Kwa jirani wa kwanza ni jambo jingine: dakika 28 dhidi ya 90. Hata ukiongeza robo saa kituoni, umeokoa zaidi ya dakika 45, na hiyo ni kwenda tu.

Ndiyo maana ningeanza na vipande, si duara zima: mji wenye hospitali kubwa na jirani yake mwenye chuo, kituo kikiwa mlangoni pa stesheni ya reli. Kikiachwa ng'ambo ya barabara kuu, mwendo wa robo saa kwa miguu, abiria watakuwa wachache kweli, na wapinzani watakuwa wamepata takwimu yao.