BMP-1: gari lililohukumiwa kwa vita visivyo vyake

Vijana wa Moshi na Arusha wanaofuatilia picha za vita vya Ukraine wamekwisha kulihukumu gari la deraya la Kisovieti, BMP-1: kwamba ni jeneza la minyororo, na kwamba waliolibuni hawakujali uhai wa askari. Sehemu ya hukumu hiyo ni ya haki. Kinachonisumbua ni kuwa unene wa chuma unapimwa peke yake, bila kuulizwa chuma hicho kilifanywa chembamba kwa ajili ya nini.

Jeshi la Kisovieti lilipolipokea gari hili mwaka 1966, magari mengi ya kubebea askari wa miguu yalikuwa kama daladala: yanawafikisha karibu na mapambano, yanawashusha, yanarudi nyuma. BMP-1 lilikuja na mzinga wa milimita 73, kombora la Malyutka la kupigia vifaru hadi umbali wa kilomita 3, na matundu ya pembeni ambayo askari wanane waliokaa nyuma wangeweza kufyatulia bunduki zao bila kushuka. Wapangaji wake walitarajia vita vya nyuklia barani Ulaya, ambako askari angelazimika kubaki ndani akivuta hewa iliyochujwa huku gari likikimbia mbele bila kusimama. Na katika njia hiyo ya kuelekea magharibi ilikuwapo mito, Weser na Rhine ikiwamo, ambayo madaraja yake yangelipuliwa mapema.

Hapo ndipo uzito wa tani 13 unapopata maana. Kabla ya kuingia majini, dereva hunyanyua bamba la mbele la kuzuia mawimbi na kuwasha pampu za kutoa maji. Minyororo ileile inayolisukuma gari barabarani ndiyo inayolisukuma mtoni, kwa mwendo wa takriban kilomita 7 kwa saa. Ukiongeza chuma ubavuni ili risasi nzito isipenye, gari linazama. Ukilikuza ili lielee pamoja na chuma hicho, linakuwa refu na rahisi kulengwa, ilhali kimo chake cha takriban mita mbili ni kinga mojawapo kubwa liliyonayo. Hakuna namna ya kuvitenganisha vitu hivyo, na anayelaumu wembamba wa chuma bila kutaja mto amelaumu nusu ya gari.

Sisi Watanzania tuna sababu ya kulielewa hili upesi kuliko wengi. Mwishoni mwa 1978, majeshi ya Idi Amin yalipolibomoa daraja la Kyaka, Mto Kagera uligeuka kuwa tatizo la kijeshi la kwanza kabla ya adui mwenyewe, na vikosi vyetu vililazimika kutengeneza njia ya kuvukia ndipo silaha nzito zipite. Wazee wa Moshi wanaoukumbuka mkutano wa Waganda waliokuwa uhamishoni, waliompinga Amin, uliofanyika mjini hapa Machi 1979 wanajua kwamba safari iliyoufikia mkutano huo ilianzia kwenye maji yale. Kamanda aliyesimama ukingoni mwa mto usio na daraja hawezi kuliona gari linaloelea kuwa upuuzi.

Wakosoaji, hata hivyo, wana hoja nzito, na iliyo nzito zaidi imo ndani ya gari lenyewe. Askari huketi wakipeana migongo, na katikati yao limewekwa tangi la lita 330 za mafuta. Lita nyingine takriban 130 zimo ndani ya milango ya nyuma, ambayo ndiyo njia yao ya kutokea. Mafuta ya milangoni yalikusudiwa kwisha safarini, lakini vita havifuati ratiba ya matangi, na sioni namna ya kuutetea uamuzi huo. Mzinga nao, hadi mwaka 1974, ulikuwa na risasi za kutobolea vifaru tu, kana kwamba askari wa miguu wa adui hawapo. Vita vya Wasovieti nchini Afghanistan vilifichua mengine: mtutu haukuweza kuinuka kufikia vilele vya milima, na askari waliohofia mabomu ya ardhini waliona heri kupanda juu ya gari kuliko kukaa ndani. BMP-2, gari lililolifuata, lenye mzinga wa milimita 30 unaoinuka sana, lilitibu tatizo la mtutu. Tatizo la bomu la ardhini lilibaki.

Hata hivyo, kulipeleka gari la aina hii katika mitaa ya Grozny, mji mkuu wa Chechnya, Warusi walipoushambulia mwishoni mwa 1994, ambako roketi zilirushwa kutoka madirisha ya ghorofani, ulikuwa uamuzi wa makamanda, na kosa hilo haliwezi kurudishwa nyuma miaka thelathini likabandikwa kwenye meza ya mchoraji.

Wanaotoa mfano wa Marder, gari la aina hiyohiyo la Ujerumani Magharibi, lililoanza kazi mwaka 1971 likiwa na uzito zaidi ya maradufu, wako sahihi kwamba liliwalinda askari vizuri zaidi. Lakini Marder halielei, na Wajerumani waliweza kulikubali hilo kwa sababu walijiandaa kupigana katika ardhi yao, upande ambao madaraja yangekuwa bado mikononi mwao. Wasovieti walipanga kuvuka mito ambayo mlinzi wake angekuwa amekwisha kuyaangusha madaraja yote.