Lindbergh na kisingizio cha "zama zake"

Safari ya rubani Mmarekani Charles Lindbergh ya Mei 1927 naisifu bila kusita. Kijana wa miaka 25, peke yake, aliruka kutoka New York hadi Paris kwa saa 33 na nusu, bila redio wala parashuti. Tangi la mafuta lilikaa mbele yake likaziba kabisa upande wa mbele. Akitaka kuona aendako, achungulie dirisha la ubavuni au atumie periskopu, chombo cha vioo cha kuonea mbele. Kiti chake kilikuwa cha henzirani, ili kupunguza uzito. Na usiku wa kuamkia safari hakupata usingizi.

Ninachokikataa ni utetezi unaotolewa kwa aliyoyafanya na kuyasema baadaye, kwamba "alikuwa mtu wa zama zake". Oktoba 1938, mjini Berlin, alipokea nishani kutoka kwa Hermann Göring, mmoja wa viongozi wakuu wa Wanazi waliotawala Ujerumani. Wiki chache baadaye masinagogi, nyumba za ibada za Wayahudi, yaliteketezwa Ujerumani nzima, naye hakuirudisha. Mwaka 1939 aliandika kwamba ndege ni hazina inayowawezesha watu weupe kuishi katikati ya bahari ya watu weusi, wa manjano na wa kahawia. Mimi ni mmoja wa bahari hiyo, na maneno hayo siwezi kuyapita kama kosa dogo la mtu mkubwa.

Kisha ikaja hotuba ya Des Moines, jimbo la Iowa, tarehe 11 Septemba 1941. Aliwataja Wayahudi, pamoja na Waingereza na serikali ya Rais Roosevelt, kuwa ndio wanaoisukuma Marekani kwenye Vita vya Pili vya Dunia. Magazeti yalimshukia papo hapo. Wendell Willkie, mwanasiasa wa chama cha Republican, alimlaani waziwazi. Little Falls, mji aliokulia, ulifuta jina lake kwenye tangi la maji. Hao wote nao walikuwa watu wa zama zile zile.

Ni kweli, mwaka 1944 alipigana Pasifiki akiwa raia, akawafundisha marubani wa ndege za kivita za P-38 kubana mafuta ili wafike mbali zaidi. Miaka ya 1960 alifika Kenya, akakaa na Wamaasai, akawa mtetezi wa wanyamapori, nyangumi wakiwamo. Kazi hiyo naiheshimu. Lakini kumlinda nyangumi si kuwaomba radhi Wayahudi.

Nafasi ya kuomba radhi alikuwa nayo. Aliishi hadi 1974, na mwaka 1970 alichapisha shajara zake za miaka ya vita. Hotuba ya Des Moines hakuikana.